Mlango kati ya mabunge mawili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vikao vya siri wakati wa vita

Nchi yenye mabunge mawili ikiingia vitani, swali la nani atolewe ukumbini halimhusu mwandishi wa habari peke yake. Linamhusu pia seneta au lodi (mjumbe wa bunge la juu la Uingereza) wa upande wa pili wa jengo. Huyu amekula kiapo, anajadili miswada ileile, na bado si mjumbe wa ukumbi ule. Majibu yafuatayo yanaegemea zaidi Uingereza na Kanada, kwa sababu huko kanuni hizi zilitumika risasi zikiwa zinalia, na kwa sababu mabunge ya Kenya, Tanzania na Uganda yalizaliwa na kanuni za Uingereza.

Kikao cha siri ni kitu gani hasa?

Ni kikao kamili cha bunge. Spika yuko kitini, siwa iko mezani, na wajumbe wana haki zao zote za kusema. Kilichobadilika ni kwamba roshani za wageni zimeachwa tupu, waandishi wa habari wako nje, na waandishi wa Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala, nao wametoka. Usikichanganye na mkutano wa kamati ya ulinzi, ambao huwa wa faragha hata wakati wa amani na huhudhuriwa na wachache. Katika kikao cha siri kila mbunge ana haki ya kuwepo, hata yule ambaye serikali haimwamini, na hapo ndipo penye utamu na hatari yake.

Uingereza ilifanya hivyo katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 25 na 26 Aprili 1916 Waziri Mkuu Asquith aliwaeleza wabunge wa Bunge la Makabwela (House of Commons, bunge la chini) hali ya uandikishaji wa askari. Katika Vita ya Pili kikao cha kwanza cha aina hiyo kilikuwa 13 Desemba 1939.

Mjumbe wa bunge la pili anahesabiwa kuwa mgeni?

Kwa kanuni ya zamani ya Westminster, yaani Bunge la Uingereza, ndiyo. Mgeni ni yeyote asiye mjumbe wala ofisa wa bunge lile, awe muuza samaki au mtoto wa mfalme.

Ushahidi mzuri ni wa 27 Aprili 1875. Wakati huo mbunge mmoja tu alitosha kumwambia Spika kwamba anawaona wageni, na Spika akalazimika kuagiza roshani zote ziondolewe watu, bila mjadala na bila kura. Siku hiyo Joseph Biggar, mbunge kutoka Ireland aliyejulikana kwa kuisumbua serikali, alifanya hivyo huku Prince of Wales akiwa ameketi juu akisikiliza. Mrithi huyo wa kiti cha enzi alikuwa pia mjumbe wa Bunge la Malodi (House of Lords, bunge la juu). Hilo halikumsaidia, akatoka pamoja na wengine. Disraeli, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisimama haraka kuomba kanuni isitishwe ili wageni warudi, na katika wiki zilizofuata utaratibu ukabadilishwa. Tangu hapo mbunge anaweza kuibua jambo, lakini bunge zima ndilo linaloamua kwa kura.

Kwa hiyo ulodi wenyewe haukuwa tiketi. Lodi alikuwa na sehemu yake ya kukaa katika roshani ya Makabwela kwa heshima tu, na heshima hiyo ingeweza kuondolewa kwa sentensi moja. Upande wa pili ni hivyohivyo: mbunge wa Makabwela anayetaka kuwasikiliza Malodi husimama nyuma ya kizuizi kilicho mlangoni mwa ukumbi wao. Walio wajumbe wa Baraza la Ushauri la Mfalme ndio wenye nafasi bora zaidi, maana wanaruhusiwa kuketi kwenye ngazi za kiti cha enzi.

Kwa nini kila bunge lina wivu kiasi hiki na mlango wake?

Sababu kubwa ni 4 Januari 1642. Mfalme Charles wa Kwanza aliingia katika ukumbi wa Makabwela na askari kuwakamata wabunge watano, akakuta wameshaondoka. Tangu hapo hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeingia ukumbi ule bunge likiwa linakaa. Mpaka leo, siku ya ufunguzi wa Bunge, Black Rod, ofisa wa Bunge la Malodi, akija kuwaita Makabwela hufungiwa mlango usoni, kisha hubisha mara tatu ndipo afunguliwe. Watalii huona ni maigizo. Lakini ukishaelewa kwamba anayefungiwa ametumwa kutoka bunge la pili kwa niaba ya mfalme, unaelewa pia kwa nini hoja ya kuwaacha malodi au maseneta wasikilize kikao cha siri haikuwa jambo la kupitishwa kimyakimya.

Je, kuna bunge lililoandika wazi kwamba wajumbe wa bunge la pili wabaki?

Lipo, na kwangu mimi ndilo tukio lenye mafunzo mengi kuliko yote katika mada hii: Kanada, Aprili 1918.

Wajerumani walikuwa wameanza mashambulizi makubwa upande wa magharibi tarehe 21 Machi, na majeshi ya Uingereza yalikuwa yakirudi nyuma. Serikali ya Waziri Mkuu Robert Borden ilitaka kufuta misamaha ya kuandikishwa jeshini iliyokuwa ikiwaruhusu vijana wengi, hasa wakulima, kubaki nyumbani. Ili wabunge wakubali jambo zito namna hiyo, ilibidi waambiwe ukweli wa hali ya vita, na ukweli huo usingeweza kuchapishwa gazetini. Bunge la chini likaamua kwamba kikao cha 17 Aprili kiwe cha siri na wageni waamriwe kutoka. Ila hoja yenyewe ilibeba kifungu cha kuwalinda maseneta: amri ya kuwatoa wageni isiguse haki yao ya kuhudhuria mijadala ya bunge hilo.

Tazama jinsi kifungu hicho kilivyofanya kazi. Kama maseneta wangekuwa na haki isiyotiliwa shaka, kusingekuwa na haja ya kukiandika. Na kama wangekuwa wageni tu kama wengine, wasingeandikiwa kitu. Walikuwa katikati: wazoefu wa kuingia, lakini kuingia kwao kulitegemea ridhaa ya wenyeji. Bunge la chini likaitoa ridhaa hiyo mapema na kwa maandishi, ili siku yenyewe asitokee mtu wa kusimama na kuleta ubishi wa kanuni mlangoni.

Kuna jambo dogo la mahali pia. Jengo la Bunge la Ottawa liliungua Februari 1916, kwa hiyo mabunge yote mawili yalikuwa yamehamia katika jumba la makumbusho la Victoria. Seneta aliyetaka kusikiliza hakuwa na safari ndefu, maana wote walikuwa chini ya paa moja, majirani wa mifupa ya wanyama wa kale.

Siku mbili baada ya kikao, Bunge liliunga mkono kufutwa kwa misamaha.

Kama siri inafichwa kwa adui, seneta ana ubaya gani?

Hana. Na ndiyo maana hoja ya kumzuia huwa dhaifu pale mtu anaposema habari za usalama peke yake. Seneta amekula kiapo kilekile, na ataombwa kupitisha sheria ileile wiki ijayo. Ukimnyima maelezo unamtaka apige kura gizani.

Hoja zenye uzito ni nyingine. Kwanza, idadi: kila masikio yanayoongezeka ni mdomo mwingine wa kulindwa, na siri iliyosemwa mbele ya mamia ya watu tayari iko njiani. Pili, uhuru wa kusema. Mbunge wa chama tawala anayetaka kumshambulia waziri wake mwenyewe mlango ukiwa umefungwa huona haya kidogo mbele ya wenzake, na huona haya zaidi mbele ya watu wa bunge jingine. Tatu, na hii husahaulika, ni mamlaka ya nidhamu. Spika anaweza kumwadhibu mjumbe wake akivujisha. Kwa mjumbe wa bunge la pili mkono wake haufiki, itabidi alalamike kwa mwenzake wa upande ule.

Vipi kama waziri anayehusika na vita yuko bunge la pili?

Uingereza ilisumbuliwa na swali hili katika vita zote mbili, kwa kuwa huko waziri husema katika bunge lake tu.

Lord Kitchener, Waziri wa Vita tangu Agosti 1914, alikuwa lodi. Wabunge wa Makabwela walimkosoa kwa uhaba wa mizinga na makombora wala hawakuwa na njia ya kumwita ukumbini mwao. Suluhisho lilipatikana nje ya kanuni: tarehe 2 Juni 1916 Kitchener alikutana faraghani na wabunge wapatao 200 katika majengo ya Westminster, akajibu maswali yao ana kwa ana. Ule haukuwa kikao cha bunge, kwa hiyo hapakuwa na mgeni wa kutolewa wala kanuni ya kuvunjwa. Siku tatu baadaye alikufa maji meli ya HMS Hampshire ilipozama karibu na visiwa vya Orkney.

Mwanzoni mwa Vita ya Pili, Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa Lord Halifax, lodi tena. Makabwela walijibiwa na naibu wake, R. A. Butler. Ukiwa mbunge wa wakati ule, kikao cha siri kuhusu diplomasia kilikuwa na kasoro ya wazi: mwenye siri zenyewe hayumo ukumbini, na aliyemo ameletwa kusoma alichopewa.

Kanada ilikwenda mbali zaidi. Novemba 1944 Waziri wa Ulinzi J. L. Ralston aliondoka serikalini kwa mgogoro wa kuwapeleka ng'ambo askari walioandikishwa kwa lazima, na Waziri Mkuu Mackenzie King akamteua Jenerali McNaughton, ambaye hakuwa mjumbe wa bunge lolote. Tarehe 23 Novemba aliruhusiwa kuingia ukumbini na kuhojiwa na wabunge. Siku tano baadaye, 28 Novemba, bunge hilohilo likafanya kikao cha siri. Mlango wa ukumbi, kumbe, hufunguka kwa yeyote ambaye wajumbe wenyewe wanataka kumsikia.

Ufaransa ilifanyaje?

Kwa wepesi zaidi, angalau upande wa mawaziri. Sheria ya kikatiba ya Julai 1875 iliwapa mawaziri haki ya kuingia katika mabunge yote mawili na kusikilizwa wakiomba, na sheria hiyohiyo iliruhusu kila bunge kujifungia kuwa kamati ya siri. Waziri wa Vita hakuhitaji mbinu za Kitchener.

Lakini kila bunge lilifanya kikao chake. Mwaka 1916, vita ya Verdun ikiwa imepamba moto, Bunge la Wawakilishi lilijifungia kuanzia 16 hadi 22 Juni, na Seneti ikafuata mwanzoni mwa Julai. Mawaziri walilazimika kueleza mambo yaleyale mara mbili, kwa hadhira mbili zenye hasira tofauti. Faida yake ni kwamba Seneti haikutegemea kusimuliwa na bunge jingine.

Kikao cha siri kingeweza hata kuangusha serikali. Usiku wa kuamkia 20 Machi 1940, baada ya Finland kulazimika kufanya amani na Wasovieti, Waziri Mkuu Édouard Daladier aliomba imani ya wawakilishi. Alipata kura 239, moja tu ikampinga, lakini takriban 300 hawakupiga kura kabisa. Akajiuzulu.

Ni kweli kwamba Makabwela walifanya vikao vya siri ndani ya ukumbi wa Malodi?

Ni kweli. Ukumbi wa Makabwela uliteketezwa na mabomu ya Wajerumani usiku wa 10 Mei 1941. Mwezi uliofuata wakahamia ukumbi wa Malodi, na Malodi wakajibana katika chumba ambacho mfalme huvalia joho lake siku ya ufunguzi. Hali hiyo ilidumu mpaka Oktoba 1950, ukumbi mpya ulipokamilika.

Maana yake ni kwamba hotuba ya siri ya Waziri Mkuu Churchill ya 23 Aprili 1942, alipoeleza kuanguka kwa Singapore na hasara za majini, ilitolewa kwenye viti vyekundu vya Malodi. Mwenye nyumba amemwachia mpangaji sebule, na mpangaji ndiye anayeamua nani aingie. Hili linaonyesha kwamba kinachofungwa ni kikao wala si chumba. Ukumbi ulikuwa wa Malodi kwa historia na kwa rangi ya viti, lakini kwa saa zile ulikuwa chini ya Spika wa Makabwela.

Septemba 1940 Churchill alikuwa ametumia kikao cha siri kujadili jambo ambalo ungedhani ni la ukarani tu: saa na siku za kukutana. Bunge lenye ratiba inayojulikana ni shabaha nzuri kwa ndege za adui.

Nani hubaki ndani asiye mjumbe?

Hao ni wachache: makarani wa mezani na wahudumu wa mlango ambao bunge linawahitaji ili liendeshe shughuli. Nchini Uingereza waandishi wa Hansadi walitolewa nje, ndiyo sababu taarifa ya vikao vile katika kumbukumbu rasmi ni mistari michache iliyotolewa kwa idhini ya Spika: bunge lilikaa kwa siri, likajadili jambo fulani, basi. Tunachokijua zaidi kinatokana na karatasi za wasemaji wenyewe. Kwa kikao cha 20 Juni 1940, baada ya Ufaransa kuanguka, Churchill aliacha vidokezo vya hotuba tu.

Kulikuwa na kioja kimoja cha karne ya 19. Roshani ya wanawake, iliyokuwa na wavu wa chuma mbele yake, ilihesabiwa kuwa iko nje ya ukumbi kisheria. Amri ya kuwatoa wageni haikuwahusu waliokaa humo, ingawa walisikia kila neno. Wavu huo uliondolewa mwaka 1917.

Ujumbe wa siri hupitaje kutoka bunge moja hadi jingine?

Mfano ulio safi ni Marekani, Juni 1812. Rais Madison alipeleka ujumbe kuhusu Uingereza tarehe 1 Juni, na Bunge la Wawakilishi likafunga milango. Tarehe 4 likapitisha muswada wa kutangaza vita kwa kura 79 dhidi ya 49. Muswada ukapelekwa Seneti kama ujumbe wa siri, na maseneta nao wakajifungia. Walijadili karibu wiki mbili, wakaupitisha tarehe 17 kwa kura 19 dhidi ya 13, na Madison akatia saini siku iliyofuata.

Hapa mabunge mawili yalishirikiana siri moja bila wajumbe wake kuketi pamoja. Kilichovuka mlango ni karatasi, na kila upande ukawa na wajibu wa kuilinda upya. Uvumi ulikuwepo mitaani Washington, bila shaka, lakini matokeo ya kura hayakutangazwa rasmi mpaka kila kitu kilipokwisha.

Si rahisi zaidi kuwaweka wote chumba kimoja?

Ni rahisi, na Australia ilifanya hivyo. Februari 1942, Singapore ikiwa imeanguka na Darwin imepigwa mabomu tarehe 19, Waziri Mkuu John Curtin aliwaeleza wabunge na maseneta hali ya vita katika mkutano wa pamoja wa siri mjini Canberra. Swali la mgeni linatoweka, kwa sababu hakuna bunge lililo mwenyeji kikanuni. Gharama yake ni kwamba mkutano wa namna hiyo hauamui kitu: ni maelezo na maswali. Ukitaka hoja ipitishwe, kila mtu arudi ukumbini kwake.

Anayevujisha hupata adhabu gani?

Kuna ngazi mbili. Bunge lenyewe linaweza kumkaripia au kumsimamisha mjumbe kwa kuvunja haki zake. Nje ya bunge, Uingereza ilitumia kanuni za ulinzi za wakati wa vita kufanya kuchapisha yaliyosemwa katika kikao cha siri kuwa kosa la jinai. Ngazi hii ya pili ndiyo iliyoziba pengo la nidhamu nililolitaja juu, kwa kuwa sheria ya nchi humfikia mchapishaji awe amesikia mwenyewe au amesimuliwa.

Siri hiyo huisha lini?

Haiishi yenyewe vita vinapokwisha. Uingereza ilihitaji azimio la Desemba 1945 kuondoa usiri wa vikao vya bunge lililotangulia, na mwaka uliofuata hotuba za Churchill za vikao hivyo zikachapishwa kitabu. Ambaye vidokezo vyake havikuhifadhiwa, maneno yake yalipotea.

Kwetu kanuni hizi ziko wapi?

Tanzania ina bunge moja, kwa hiyo swali la mlango wa kati halipo. Ibara ya 44 ya Katiba inamtaka Rais akitangaza hali ya vita apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, na Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14.

Kenya ina Seneti tangu 2013. Ibara ya 118 ya Katiba inakataza kuwazuia wananchi na vyombo vya habari, isipokuwa katika hali ya kipekee ambayo Spika anayehusika ameona kuna sababu za haki. Neno "anayehusika" lina uzito: kila Spika anafunga mlango wake. Na kwa kuwa ibara ya 95 inalipa Bunge la Taifa kazi ya kuidhinisha tangazo la vita, seneta wa Nairobi anayetaka kusikiliza kikao cha faragha cha aina hiyo atakuwa pale alipokuwa seneta wa Ottawa mwaka 1918, akitegemea walioko ndani waandike kifungu cha kumruhusu. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinafaa kuandikwa mapema katika Kanuni za Kudumu, wakati hakuna aliye na haraka.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imechukua njia nyingine. Katiba ya 2006, ibara ya 119, inataka Bunge la Taifa na Seneti wakutane pamoja kama Kongresi kuidhinisha tangazo la vita. Kwa hali ya kuzingirwa (utawala wa dharura wa kijeshi) ya mikoa ya Ituri na Kivu Kaskazini iliyoanza Mei 2021, hata hivyo, uongezaji wa muda ulipitishwa kwa sheria, bunge moja baada ya jingine, kila siku 15.